Umeme ukikatika seva haijizimi, UPS inakufa nayo

Wakuu habarini, nina kiseva cha Debian hapa dukani na UPS (betri ya akiba) ya USB, NUT (programu ya kusimamia UPS) nimeinstoli na upsc, amri ya kuonyesha hali ya UPS, inasoma freshi kabisa, umeme ukikatika inatoka OL (iko kwenye umeme) inakuwa OB (iko kwenye betri) ila mashine haijizimi mpaka betri ikate ghafla puu, jana ilivyowaka fsck (ukaguzi wa diski) imekula nusu saa wateja wananiangalia tu. Nakosea wapi?

— Mkuu upsmon, sehemu ya NUT inayozima mashine, haizimi kwa OB peke yake, inasubiri OB na LB (betri iko chini) kwa pamoja. Betri ikishachoka inadondoka kutoka asilimia 50 hadi sifuri hata LB haisemi. Yako ina miaka mingapi?

— Mitatu, na joto la huku unalijua 😅

— Basi ndo hiyo. Kwenye faili la ups.conf weka ignorelb (isisubiri LB ya UPS yenyewe), chini yake override.battery.charge.low = 60 (chini ya asilimia 60 ihesabiwe LB), halafu washa upya draiva. Na cheki nut.conf isiwe MODE=none, yaani NUT imezimwa, wengi tumenasa hapo. Kutesti piga sudo upsmon -c fsd, ila sevu kazi zako kwanza maana inazima kweli sio mchezo.

— Imejizima yenyewe kwenye asilimia 59! Asante sana mkuu, betri mpya mwisho wa mwezi.