Mrejesho: Nimeshaunganishwa faiba, Chumbageni Tanga
Ndugu zangu, niliuliza kama niachane na ruta ya laini ya simu nivute faiba (intaneti ya uzi wa kioo unaopitisha mwanga), na kwa kampuni ipi; nawashukuru kwa ushauri. Nimechagua TTCL, shirika la mawasiliano la serikali, wanaosimamia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano (njia kuu ya faiba nchini), hasa kwa kuwa nguzo yao yenye kisanduku cha kugawia iko mkabala na geti letu, ilhali kampuni nyingine, ingawa bei yake ilikuwa nafuu, haikuweza kusema waya wake utafika lini mtaani. Fundi aliupitisha uzi huo mwembamba wa faiba juu ya dirisha bila kuukunja, kwani kwenye mkunjo mkali mwanga hupotea. Chumba cha nyuma, chenye kuta nene, mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 hayafiki vizuri, hivyo huko natumia ya gigahezi 2.4, yanayopenya kuta vizuri zaidi. Umeme ukikatika kifaa cha faiba huzima, nami nimeshaagiza betri ndogo ya akiba.