Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuleta mbegu za bangi chotara shambani kwa mama

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Mdogo wangu anaishi California, ambako tangu Januari 2018 bangi inauzwa dukani kihalali hata kwa starehe. Wiki nzima ananisimulia aina moja inaitwa Blue Dream, chotara wa Blueberry na Haze iliyoanzia hukohuko California. Upande wa Haze ndio unaourefusha mmea, na wa Blueberry ndio unaoupa ile harufu tamu kama ya matunda.

Kusikiliza nasikiliza, si vibaya kujua. Ila sasa anataka aje na mbegu likizoni azipande shamba la mama Muheza, katikati ya michungwa! Kwetu kulima bangi ni kosa, Sheria ya mwaka 2015 ya dawa za kulevya haina mchezo, na mmea ule ukichanua harufu yake haifichiki. Shamba lina jina la mama, ana miaka 71. Atakayefuatwa ni yeye.

Nikimkatalia ananiita mshamba. Mliopitia haya na ndugu zenu, mlisemaje akaelewa bila kuvunja undugu? Na mama nimwambie sasa, au nisubiri? Ana presha.