Ndege wa mabonde yetu, Ruvuma na Lukuledi: tupeane uzoefu

Mwana wa Kitaya:
Wakuu, jana nimepita mtoni nikakuta kingo ya udongo imetobolewa kama chekecheo, keremkeremu wanaingia na kutoka. Utotoni tulikuwa tunaingiza mikono humo, Mungu atusamehe. Wewe umeona ndege gani bondeni, msimu gani? Na hawa wa matundu huondoka lini?

Binti Msimbati:
Huku mto unapoingia baharini, kaskazi ikishika wanajaa wale weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene. Chakula chao kaa. Kusi ikivuma wengi hawapo.

Mkulima wa Kitere:
Mimi namjua mmoja tu, kwelea kwelea. Mpunga ukianza kutia maziwa, keshafika. Nimeamia toka alfajiri, nikashuka dunguni kula kiporo, kurudi jaruba zima mabua. Msiniambie habari za ndege wazuri.

Chizi Korosho:
Pole mkuu. Hao debe wameshalizoea.

Nahodha Mstaafu:
Mie raha yangu furukombe. Anakaa juu ya mti mkavu, akilia anatupa kichwa nyuma, unasikia ng'ambo ya mto.

Mtu wa Nyangao:
Huyo mzee wangu ni kwazi.

Nahodha Mstaafu:
Nimevua kabla baba yako hajaoa. Furukombe.

Mpwa wa Nanyumbu:
Nyie acheni, mmenikumbusha mlembe. Ilikuwa kiangazi, majani yameshachomwa. Mjomba wangu Myao alikuwa akiingia porini anaita "brrr-hm", mlembe anakuja, anatangulia mti kwa mti akipiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti. Siku hiyo akatufikisha kwenye mbuyu. Tukafukiza, tukapakua asali ndoo nzima. Mjomba akaniambia, "Muachie masega yake juu ya jani." Akatangulia. Mimi na utoto wangu, masega yote nikayatia mfukoni, nikawa natafuna njiani.

Kesho yake nikaenda peke yangu. Mlembe huyo, kaja! Nikamfuata, nikamfuata, macho juu muda wote, mpaka kwenye matete karibu na Ruvuma. Akanyamaza. Nikasikia pumzi. Siyo ya mtu. Nateremsha macho, kiboko amesimama kwenye njia yake, mimi nimekaa kati yake na maji. Sikumbuki nilivyopanda ule mti. Nakumbuka kandambili moja ilibaki chini, akaikanyaga ikazama topeni. Nilishuka jua limeshazama. Mjomba hakunipiga, aliuliza tu, "Uliacha masega?"

Binti Msimbati:
Mwili umenisisimka!

Mtu wa Nyangao:
Ndege hana kisasi, ndugu. Mlembe hula nta, basi, ndiyo maana anakuita. Utafiti wa 2016 uliofanywa hapo ng'ambo, Niassa ya Msumbiji, ulionyesha mwito huo wa Wayao unapandisha nafasi ya kuongozwa na mlembe toka kama theluthi moja hadi theluthi mbili. Kiboko hakutajwa.

Mpwa wa Nanyumbu:
Hao watafiti waliacha masega. Mimi sikuacha.

Chizi Korosho:
😂😂 Kajibu.

Mkulima wa Kitere:
Nenda na mbwa, atanusa mapema.

Nahodha Mstaafu:
Mbwa ukingoni mwa Ruvuma? Unampelekea mamba kitoweo. Piga makofi unapokata matete, na asubuhi mapema usikae kwenye njia ya kiboko, ndiyo anarudi majini toka malishoni.

Chizi Korosho:
Au nunua asali sokoni.

Mtu wa Nyangao:
Hiyo ya sukari guru?

Mwana wa Kitaya:
Jamani, mimi niliuliza keremkeremu.

Nahodha Mstaafu:
Makinda yakishapata mbawa wanahama, mwanangu. Mvua zikikolea mto unapanda, matundu ya chini yanajaa maji. Pita tena Januari, utakuta tope tupu. Na ni furukombe.