Masomo ya simu wakati wa korona: alama zilistahili kuhesabiwa?

MZAZI WA WATATU
Wakuu, naomba tulijadili hili kabla ya kikao cha wazazi. Shule zilipofungwa mwaka 2020, shule yetu ilihamia kwenye simu: WhatsApp kwa wadogo, Zoom kwa wakubwa. Alama za kipindi kile zikaingia kwenye ripoti, watoto wakapandishwa darasa kwa alama hizo. Sasa uongozi unaandika utaratibu wa dharura na unataka likitokea jingine iwe vilevile. Mimi napinga. Masomo yaendelee, alama zisihesabiwe. Nyumbani kwangu simu ilikuwa moja, watoto watatu, na simu yenyewe natoka nayo kazini saa moja usiku. Mwanangu wa kati alikuwa ananisubiri mlangoni na daftari mkononi. Huyo mlimshindanisha na mwenye kompyuta yake chumbani. Mnaonaje?

MPITANJIA
Naunga mkono. Na tusizungukezunguke, miezi ile walimu walikula mshahara wa bure. Saa mbili asubuhi inarushwa picha ya ukurasa wa kitabu, "fanyeni swali la 1 hadi la 10", kimya mpaka kesho yake.

CHAKI NYEUPE
Mshahara wa bure? Nilikuwa na wanafunzi 52. Kila mmoja anatuma picha ya daftari: moja giza, nyingine imepinda, nyingine kidole kimeziba jibu. Nazikuza mojamoja kwa vidole, nasahihisha, namrudishia mtoto kwa sauti. Bando langu mwenyewe. Saa sita usiku mzazi anapiga kuuliza kwa nini mwanawe kapata saba. Kufundisha darasa nisiloliona sikufundishwa chuoni, nilijifunza hukohuko nafundisha. Na kwa kuwa umeyaanza, nusu ya kazi nilizosahihisha waliziandika wazazi. Mtoto wa darasa la tatu haandiki "kwa hiyo basi".

MAMA PACHA
Hapo umenigusa, mwalimu. Mimi niliandika, nakiri. Mlituambia "wazazi, wasaidieni watoto", hamkusema msaada unaishia wapi. Niko na pacha wawili wanalia, kazi inatakiwa saa kumi kamili, na hesabu za kugawanya mnazifundisha kwa njia ambayo mimi sikuisoma. Ungefanyaje?

CHAKI NYEUPE
Ningeituma na makosa yake. Makosa ndiyo yaliyokuwa yananiambia mtoto amekwama wapi. Ulipoyafuta uliniziba macho.

MAMA PACHA
Na ulipotangaza majina ya waliochelewa kwenye grupu, mbele ya wazazi wote, hapo ulikuwa unamfungua nani macho? Jina la mwanangu lilisomwa mara mbili. Sikusubiri ya tatu.

MPITANJIA
Mama Pacha umemaliza. Wengine nao walizima kamera wakalala, tuliwaona.

KIDATO CHA MWISHO
Shikamooni. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na kamera niliizima mimi. Sikulala. Tulikuwa chumba kimoja na nyuma yangu baba alikuwa mgonjwa kitandani. Nisingeweza kuwaonyesha darasa zima. Mwalimu akasema asiyewasha anaandikwa hayupo, nikaandikwa hayupo wiki tatu nami nasikiliza kila neno. Naomba neno "kulala" ulifute, mkubwa wangu.

MPITANJIA
Marahaba. Nimekosa, nisamehe. La mshahara silifuti.

MSIKILIZAJI
Turudi kwenye hoja. Nakumbuka UNICEF walisema nusu ya wanafunzi wote duniani hawakupata masomo ya mbali.

MZAZI WA WATATU
Si nusu, ni karibu theluthi. Agosti 2020 walitaja watoto wasiopungua milioni 463 ambao hawakuweza kufikiwa, si kwa intaneti, si kwa redio, si kwa televisheni. Nililishika kwa sababu wanangu walikuwa nusura wawe humo.

MSIKILIZAJI
Sawa, theluthi. Lakini usipohesabu, unafanya nini na mtoto? Uganda shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Januari 2022. Ungemrudisha mtoto palepale alipoachia, karibu miaka miwili imepita? Heri redio kwanza, haidai bando, halafu mtihani mfupi wakirudi darasani.

MPITANJIA
Mtihani utasahihishwa na walewale.

CHAKI NYEUPE
Ndugu yangu, chuki yako na walimu ina jambo jingine nyuma yake. Kidato, hukuwa kwangu, lakini na mimi niliwaandika watoto hawapo bila kuwauliza. Hilo linanisumbua mpaka leo.

MAMA PACHA
Mwalimu, naomba unijibu moja. Yule wa "kwa hiyo basi", ulimpa ngapi?

CHAKI NYEUPE
Nane kati ya kumi.

MAMA PACHA
Na ulijua si yeye?

CHAKI NYEUPE
Nilijua. Wawili walikuwa wameshatolewa na wazazi wao kwenye grupu baada ya kupata alama ndogo, na sikuwapata tena hadi shule ilipofunguliwa. Niliogopa kumpoteza wa tatu.

MZAZI WA WATATU
Hiyo nane ndiyo iliyoingia kwenye ripoti?

CHAKI NYEUPE
Iliingia.

MZAZI WA WATATU
Basi njoo kikaoni, mwalimu, uliseme hilo. Mimi nikilisema wataniita mzazi mwenye wivu.