Tupeane uzoefu: fangasi wa ngozi, nani alipaka dawa wakapotea halafu wakarudi wengi zaidi?

Mkulima wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Mvua zimekaza huku Mbeya na najua siko peke yangu ninayeshinda kwenye gambuti toka asubuhi mpaka giza, ndo maana naomba tuongee hili jambo bila aibu, maana aibu ndo iliyonitesa mimi miezi mitatu.

Nalima viazi. Msimu uliopita kidole kidogo cha mguu na mwenzake vikaanza kuwasha pale katikati, jioni nikivua soksi ngozi imekuwa nyeupe kama nimeloweka mguu kwenye beseni kutwa nzima, inabanduka, chini yake pekundu na harufu juu. Nikasema ni gambuti tu, nikapuuza. Wiki kama tatu mbele likatokea duara kinenani, ukingo umeinuka una vimagamba, katikati pasafi. Sikuunganisha hata kidogo, kumbe najifuta miguu na kinena kwa taulo moja, na boksa naipitisha kwenye miguu hiyo hiyo.

Nikaenda duka la dawa nikaeleza kwa kunong'ona, nikapewa tyubu ya krimu ya mchanganyiko. Siku ya pili muwasho hakuna, ya nne wekundu umeisha, nikaacha. Wiki mbili hazikupita ukarudi, nikapaka, ukatulia, nikaacha, ukarudi, mpaka ikafika mahali duara sio duara tena, limetanda hadi matakoni, ukingo umepotea, vimetoka vipele vyenye usaha, na ngozi ya paja imekuwa nyembamba ina michirizi kama ya mama mjamzito.

Ndo nikaenda kliniki ya ngozi. Mtaalamu akakwangua magamba ya pembeni yakadondoka kwenye kioo, akaweka tone la dawa, akasubiri kidogo, akaniita na mimi nichungulie kwenye hadubini. Nikaona vinyuzi vyembamba vimekatiza kama vimizizi. Akachukua tyubu yangu akanisomea nyuma: dawa ya kwanza ya fangasi, ya pili ya bakteria, ya tatu imeandikwa Betamethasone, hiyo ni steroidi. Akasema steroidi inatuliza muwasho kwa sababu inapunguza nguvu ya kinga ya mwili pale ulipopaka, kwahiyo wewe unaona umepona wakati fangasi wamefunguliwa mlango.

Nikaacha ile tyubu siku hiyo hiyo. Nikapewa vidonge vya terbinafini wiki nne pamoja na klotrimazole tupu ya kupaka asubuhi na jioni, nivuke ukingo wa ugonjwa upana wa vidole viwili, na niendelee wiki mbili BAADA ya ngozi kuwa safi. Hapo ndo pagumu ndugu zangu, kupaka dawa mahali ambapo huoni ugonjwa. Na taulo mbili, na navaa soksi kwanza ndo boksa.

Na wengine leteni yenu.

Mama wa Tukuyu
Pole sana kaka, ndaga (asante) kwa kufunguka. Yangu ni ya mwanangu wa miaka sita. Tulikuwa na ndama ana mabaka ya kijivu yamekauka kama ganda kuzunguka macho na shingoni, na mtoto ndo rafiki yake, anamkumbatia kutwa. Mtoto akatoka mapunye kichwani. Bibi yake akaleta mafuta ya taa na unga mweusi wa betri ya redio, nikakataa lakini na mimi nikakosea kwa njia nyingine, nikampaka krimu mwezi mzima. Pakavimba, pakawa laini kama jipu, usaha unatokea kwenye matundu ya nywele, nywele ukizigusa zinatoka zenyewe. Sehemu ya kwanza niliyompeleka walitaka kupasua!! Nashukuru nilisita nikaenda kwa daktari wa ngozi, akasema hapa hapapasuliwi, hao ni fangasi wa ng'ombe na mwili wa mtoto unapigana nao kwa hasira, ukipasua unamwachia kovu na nywele haziwezi kuota pale.

Kitu nilichojifunza, mapunye ya kichwani krimu peke yake haitoshi, fangasi wako ndani ya shina la nywele. Alipewa griseofulvini kwa uzito wake, wiki nane, nampa baada ya kula na maziwa yasiyoondolewa mafuta kwa sababu inaingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Wiki ya tano alikuwa anaonekana mzima kabisa na jirani ananiambia acha kumlisha mtoto madawa. Sikuacha. Nywele zimerudi zote, imebaki alama ndogo kama punje ya mahindi. Ndama naye alitibiwa.

Kijana wa Iringa
Kamwene. Mimi ni utangotango. Sikuwahi kuwa nao Iringa mpaka nilipohamia Kyela kwenye biashara ya mchele, lile joto na jasho, mwezi wa pili tu kifuani na mgongoni madoa meupe yanapukutisha unga ukikwangua na kucha. Watu wananiambia huogi. Niliumia sana na hilo, nilikuwa naoga mara tatu kwa siku. Kumbe fangasi hawa wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu, joto na jasho ndo vinawapa nafasi, sio uchafu na sikumwambukiza mtu. Niliandikiwa shampuu ya ketokonazole, napaka kifua na mgongo nakaa dakika tano nasuuza, siku tano. Unga uliisha ila weupe ulikaa miezi mitatu hivi, msikate tamaa mkadhani dawa imekataa, rangi inarudi taratibu.

Kinyozi Mafinga
Wateja msione aibu kusema kama una mapunye. Na ukimuona kinyozi anatoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kupiga brashi na spiriti kwenye meno ya mashine, inuka uondoke.

Mzee wa Makete
Wanangu nimesoma yote. Mimi nilikuwa na baka moja mkononi, rangi imefifia, nikaambiwa fangasi. Nimepaka krimu karibu mwaka. Halikuwa linawasha hata siku moja, na siku moja nikiwa jikoni kaa la moto likaniangukia pale pale nisisikie kitu, mke wangu ndo aliona. Daktari akagusa kwa pamba macho yangu yakiwa yamefumba, sikusikia. Ulikuwa ukoma. Dawa ni bure, nilimeza miezi sita kwa sababu mabaka yalikuwa machache, nimepona na mkono unafanya kazi. Baka lisilowasha na lisilosikia mguso, tafadhali, msilipakie chochote, nendeni hospitali.

Mchuma chai Mufindi
Mkulima wa Uyole yani umenieleza mimi, na tyubu ninayo hapa mkononi nimeisoma nyuma, ni hiyo hiyo. Nina gambuti moja tu nafanyaje? Na kesho nimepata lifti ya kwenda kliniki.

Mkulima wa Uyole
Dada pole. Gambuti moja inatosha, jioni uifute ndani kwa kitambaa, jaza magazeti makavu, asubuhi yatoe yatakuwa mabichi kabisa. Soksi za pamba pea mbili, badili mchana shambani, na ukaushe katikati ya vidole kabla hujavaa nyingine. Na leo usiku usipake hiyo krimu wala nyingine yoyote, nenda na ngozi kavu na tyubu mkononi, maana wakikwangua ngozi yenye dawa wanaweza wasiwaone.