Labour wakiyaogopa magazeti, BBC itamtegemea nani?

Mleta mada (Reading)

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. Mkataba wa kifalme unaoipa BBC uhai unaisha tarehe 31 Desemba 2027. Kabla ya hapo serikali ya Labour itaamua shirika litapata wapi fedha, nani atateua bodi yake na litawajibika kwa nani. Msimamo wangu ni huu: magazeti ya mrengo wa kulia Uingereza hayana tena ubavu wa kumpa mtu uwaziri mkuu, ila bado yana ubavu wa kuwafanya Labour wajikunyate, na kila wakijikunyata anayeumia ni BBC.

Kwa ambao hawakufuatilia, turudi 1992. Asubuhi ya uchaguzi, tarehe 9 Aprili, gazeti la The Sun la Rupert Murdoch lilichapisha kichwa cha Neil Kinnock, kiongozi wa Labour, kikiwa ndani ya glopu ya umeme. Ujumbe wake: huyu akishinda leo, mtu wa mwisho kuondoka nchini azime taa. Kinnock akashindwa, na siku mbili baadaye gazeti likajigamba kuwa ushindi wa Wahafidhina ni kazi yake. Kama ni kweli au si kweli, watu wanabishana hadi leo. Kilichobaki ni kwamba kizazi kizima cha wanasiasa wa Labour kiliamini.

Julai 1995 Tony Blair, wakati huo kiongozi wa upinzani tu, akakata nusu ya dunia hadi kisiwa cha Hayman, Australia, kuhutubia mkutano wa kampuni ya Murdoch. Machi 1997 The Sun likatangaza linamuunga mkono, na Mei akaingia madarakani kwa wingi wa viti 179. Mwaka 2012, mbele ya uchunguzi wa Jaji Leveson kuhusu mwenendo wa magazeti, Blair mwenyewe alisema aliamua kwa makusudi kuishi na magazeti makubwa badala ya kupambana nayo. Katika uchunguzi huohuo John Major, waziri mkuu wa Wahafidhina kabla ya Blair, alieleza jinsi Murdoch alivyomtaka, Februari 1997, abadili sera yake kuhusu Ulaya, la sivyo magazeti yake yasingemuunga mkono.

BBC inaingiaje hapa? Magazeti yanayoishambulia ni washindani wake kibiashara, jambo ambalo msomaji huwa haambiwi. Mwaka 2009 James Murdoch alipanda jukwaani Edinburgh akailalamikia BBC kwamba ni kubwa mno na habari zake za bure mtandaoni zinawanyima wengine riziki. Baba yake alikuwa na magazeti, na kampuni ya familia ilikuwa na hisa asilimia 39 za BSkyB, televisheni ya kulipia. Hotuba ile haikuwa ya falsafa tu.

Halafu kuna ajenda. Kila usiku chaneli ya habari ya BBC hupitia kurasa za mbele za magazeti ya kesho yake. Sisi tuliokulia na redio zinazosoma magazeti asubuhi tunaujua utaratibu huo na nguvu yake. Mhariri wa BBC anatakiwa asipendelee upande wowote, kwa hiyo kichwa cha habari cha Daily Mail hawezi kukipuuza. Akikipuuza ataambiwa anaficha. Saa mbili asubuhi waziri wa Labour anakaa mbele ya kipaza sauti cha BBC akijibu swali lililotungwa na mtu asiyempenda, tena akiulizwa kwa sauti ya upole kabisa.

Na fedha. Mwaka 2010 serikali ya David Cameron iliitwika BBC gharama za World Service, Idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Mwaka 2015 ikaitwika leseni za bure za televisheni (ada ya leseni ndiyo inayoiendesha BBC) za wazee wa zaidi ya miaka 75, mzigo wa takriban pauni milioni 745 kwa mwaka. Makubaliano yote mawili yalipikwa haraka, mlango ukiwa umefungwa. Januari 2022 Nadine Dorries, waziri wa utamaduni wa Wahafidhina, akagandisha ada ya leseni katika pauni 159 kwa miaka miwili wakati bei za kila kitu zinapanda. Labour wangeweza kusema, siku ya kwanza, kwamba mchezo huu umekwisha. Waraka wa mashauriano alioutoa waziri wa utamaduni wa Labour, Lisa Nandy, Desemba 2025 unagusia mkataba usio na tarehe ya mwisho, na hilo ni zuri. Lakini hapohapo unaacha mlango wazi kwa matangazo ya biashara na usajili wa kulipia. Unaulizwa kama unataka nyumba yako iuzwe, na anayeuliza ni rafiki yako.

Karibuni.

Mdau wa Birmingham

Mleta mada, unayapa magazeti hadhi yasiyokuwa nayo. Mwaka 1945 Daily Express ya Lord Beaverbrook ilimpiga Clement Attlee wa Labour kila siku, na bado alipata viti 393. Mwaka 2017 Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour, aliandamwa kuliko kiongozi yeyote ninayemkumbuka, akapata asilimia 40 ya kura. Vijana wangu nyumbani hawajawahi kushika gazeti la karatasi. Labour wanashindwa kwa sababu ya Iraq, uchumi na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, kisha wanamtafuta mchawi.

Mleta mada

Nimesema wazi kwamba hayashindishi uchaguzi. Lakini angalia 2024. The Sun lilimuunga mkono Keir Starmer, kiongozi wa Labour, tarehe 3 Julai, siku moja kabla ya kura, wakati hata mtoto alijua nani anashinda. Sasa linganisha ilani za Labour. Ya 2017 iliahidi kuanzisha awamu ya pili ya uchunguzi wa Leveson, ile ya kuchimba uhusiano wa magazeti na polisi, ambayo Wahafidhina waliifuta 2018. Ya 2024 haina neno. Bei ililipwa mapema, na aliyelipa si Starmer. Ni watu ambao simu zao zilidukuliwa na magazeti.

Mdau wa Liverpool

Niseme la huku. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, yaliyoua mashabiki 97 wa Liverpool, The Sun liliwasingizia marehemu na majeruhi mambo ya aibu. Huku Merseyside watu wameligomea tangu wakati huo, na maduka mengi hayaliweki. Labour inashinda hapa uchaguzi baada ya uchaguzi. Halafu 2021 Starmer akaandika makala kwenye gazeti hilohilo. Alikuwa anatafuta kura ya nani? Namuunga mkono mleta mada: huo ni woga, na hauna hesabu.

Mdau wa Birmingham

Liverpool ni Liverpool, ndugu yangu. Uchaguzi hauamuliwi huko.

Mdau wa Glasgow

Mmesahau tembo aliyekaa katikati ya chumba chenu wenyewe. Ni nani aliyeiumiza BBC kuliko wote katika miaka 30 iliyopita? Labour! Mei 2003 Andrew Gilligan, mwandishi wa BBC, alitangaza redioni alfajiri kwamba serikali ilitia chumvi ripoti ya silaha za Iraq. Alastair Campbell, msemaji wa Blair, akaivaa BBC kwa wiki kadhaa. Dk. David Kelly, mtaalamu wa silaha aliyekuwa chanzo cha habari ile, akafariki Julai. Januari 2004 ripoti ya jaji Lord Hutton, aliyechunguza kifo hicho, ikaisafisha serikali na kuilaumu BBC. Mwenyekiti wa BBC Gavyn Davies na mkurugenzi mkuu Greg Dyke wakaondoka ndani ya siku mbili. Hakuna Murdoch hapo. Hata Harold Wilson wa Labour, tena akiwa upinzani, aligombana vikali na BBC mwaka 1971 kwa kipindi kimoja kilichowadhihaki mawaziri wake wa zamani. Kwa kawaida mrengo wa kati kushoto unaipenda BBC ukiwa upinzani. Ukiingia ikulu unaiona adui.

Mleta mada

Hoja nzito kuliko zote hapa, na sina jibu la kuizima. Ninachoongeza ni kwamba Campbell alitoka kwenye magazeti. Alikuwa mhariri wa siasa wa Daily Mirror na aliishuhudia 1992 akiwa karibu na Kinnock. Mtu aliyejifunza kwamba kichwa kimoja cha habari kinaweza kukuua hawezi kuiacha taarifa ya redio ya alfajiri ipite. Alipoipiga BBC alikuwa anatumia somo la The Sun.

Tazama pia Novemba 2025. Waraka wa Michael Prescott, aliyekuwa mshauri wa viwango vya uhariri wa BBC, ulivujishwa na kuchapishwa na gazeti la Telegraph. Ulionyesha kuwa Panorama, kipindi cha BBC, iliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya Januari 6, 2021 vilivyotengana kwa zaidi ya dakika 50, vikasikika kama sentensi moja. Lile lilikuwa kosa la wazi na halina utetezi. Lakini ndani ya siku chache mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness wakajiuzulu wote wawili. Kwenye bodi ameketi Robbie Gibb, aliyekuwa mkuu wa mawasiliano wa waziri mkuu Mhafidhina Theresa May, aliyeingizwa 2021. Mwaka 2023 mwenyekiti Richard Sharp aliondoka kwa kutotangaza mkono wake katika mpango wa mkopo wa pauni 800,000 wa Boris Johnson. Hayo yote hayawashtui Labour kiasi cha kusema: waziri asiteue tena mtu kwenye bodi hiyo.

Mdau wa Dar es Salaam

Nawasoma tu. Sisi tulikuwa na Tido Mhando, aliyetoka kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC akaja kuiongoza TBC. Uchaguzi wa 2010 ukapita, mkataba wake ukaisha Desemba, haukuongezwa, na kila mtu akatafsiri anavyojua. Huku hakuna haja ya gazeti la Murdoch. Serikali inapiga simu yenyewe. Mnayolilia ninyi kwetu ni madogo, ila endeleeni, kuna la kujifunza.

Mdau wa Glasgow

Basi mleta mada atupe dawa, asituachie uchunguzi wa ugonjwa.

Mleta mada

Ujerumani wana tume huru iitwayo KEF inayokadiria mahitaji ya watangazaji wa umma, wanasiasa wasikae na daftari la bei mkononi. Desemba 2020 wanasiasa wa chama cha kihafidhina cha CDU katika jimbo la Saxony-Anhalt walizuia nyongeza ya ada ya senti 86 kwa mwezi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikasema hawana haki hiyo na nyongeza ikaanza. Tuige hilo: tume ya fedha, na bodi isiyoteuliwa na waziri.

Mdau wa Glasgow

Umeishia patamu. KEF ikapendekeza ada ipande hadi yuro 18.94 kuanzia Januari 2025, majimbo hayakuipandisha, na watangazaji wakarudi tena mahakamani. Tena wao wana katiba iliyoandikwa na mahakama ya kuilinda. Uingereza, Bunge ndilo la mwisho. Labour wakiunda tume hiyo leo na serikali ijayo ikaifuta kwa kura ya mchana mmoja, huku Daily Mail ikishangilia, nani ataizuia?