Siku 12 Norwei kwa gari, nataka picha za wanyama, nipite wapi?

lenzi_safarini
Wakuu habari zenu. Mwisho wa mwezi wa sita naenda Norwei na mke wangu, tuna siku 12, mpango ni kukodi gari Oslo tuendeshe mpaka Nordkapp kule juu kabisa. Lenzi yangu ndefu ni ya milimita 100-400 na sinunui nyingine. Nawatafuta moskus, yule mnyama wa manyoya marefu yanayoburuta kama blanketi, halafu elg, yule mnyama mkubwa wa msituni wa jamii ya kulungu, reindia, kulungu wa nchi za baridi, na pafini wale ndege wa baharini wenye mdomo wa rangi rangi. Je hii njia inafaa au nitakuwa naendesha tu? Na mnapiga mkiwa ndani ya gari au mnashuka? Nauliza mapema manake safari kama hii sijui kama nitaipata tena.

njia_ndefu
Kaka utakuwa unaendesha tu. Oslo hadi Nordkapp ukipita ndani ya Norwei ni zaidi ya kilomita 2,000, nje ya miji kikomo cha kawaida ni 80 kwa saa, na bado kuna kona za milimani na vivuko vya feri ukipita pwani. Mimi nilifanya hivyohivyo safari yangu ya kwanza, nikarudi na picha tatu za maana na zote nilizipiga siku gari lilipoharibika tukakwama kijiji kimoja siku mbili, yaani elg jike na mtoto wake walikuwa wanatoka msituni kila saa tano usiku kula majani kandokando ya mto, palepale, na kama gari lingekuwa zima nisingewaona. Kwa hiyo ushauri wangu itoe Nordkapp. Siku nne kaa Dovrefjell, milima wanakoishi moskus, rudisha gari Oslo, panda ndege mpaka Kirkenes, mji wa kaskazini-mashariki kabisa, ukodi lingine, siku zote zilizobaki zunguka rasi ya Varanger.

mama_miwani
Naunga mkono. Dovrefjell fikia Hjerkinn, iko kwenye barabara kuu ya E6. Hao moskus waliletwa kutoka Greenland, waliopo sasa ni uzao wa walioletwa baada ya vita kuu ya pili, na dume anafika kilo 400. Tafadhali kaka usiwasogelee, umbali unaotakiwa ni mita 200 na hakuna ujanja hapo, anaonekana mzito kasimama kama jiwe lakini akiamua kukukimbilia anafika kilomita 60 kwa saa. Mimi nilimwona dume mmoja akaacha kula, akainamisha kichwa akawa anasugua uso kwenye mguu wa mbele, taratibu kabisa, kiongozi wetu akatunong'oneza turudi nyuma sasa hivi. Hiyo ndiyo dalili yake ya hasira. Kwa 400 yako mnyama atatoka mdogo, sawa, mwache mdogo na mlima uonekane nyuma yake, picha zangu ninazozipenda zaidi ndo hizo. Drone usibebe, ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku.

lenzi_safarini
Asanteni sana, mke wangu amesoma kasema Nordkapp imeshatoka 😀 Sasa Varanger nianzie wapi? Na mwanga je, si jua halizami?

ndege_na_bahari
Halizami ndiyo, Vardø, mji ulioko Varanger, kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai, kwa hiyo geuza ratiba, lala mchana, piga picha kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa alfajiri, mwanga unakuwa wa dhahabu umelala chini masaa na masaa. Kutoka bandari ya Vardø kuna boti ya kwenda kisiwa cha Hornøya, kama dakika kumi tu, ukishuka unakuta ndege maelfu juu ya kichwa chako, kelele na harufu ya mavi ya ndege hutaisahau. Hapo pafini wako karibu hata 400 inazidi. Wanaruka kasi mno, weka kasi ya shata 1/2000 ya sekunde au zaidi, lakini usitoke nje ya njia iliyowekwa manake wanataga kwenye mashimo ardhini na ukikanyaga pembeni unabomoa kiota. Nenda kabla Julai haijaisha, baada ya hapo wanaanza kurudi baharini.

njia_ndefu
Kuhusu gari, baki ndani ukiweza, reindia wakiona gari hawajali ila ukifungua mlango wanaondoka. Zima injini, zima na hita, shusha kioo usubiri dakika kadhaa, hewa ya moto ikitoka dirishani ikikutana na baridi picha inatetemeka kama unapiga juu ya jiko na utadhani lenzi imeharibika. Weka mfuko wa maharage dirishani ulaze lenzi juu yake. Na kwenye barabara nyembamba utaona kibao cha bluu chenye M, hapo ni pa kupishana magari, usipaki hata kama tai katua mbele yako. Reindia mmoja akivuka punguza mwendo kabisa, wengine wanafuata nyuma. Hao wana wenyewe, ni mifugo ya Wasami, wenyeji wa asili wa kule kaskazini, ukimgonga hata kama kaondoka anachechemea piga 02800, polisi, usimwache ateseke.